Pamba ya Jumapili

"Ongeza moto, bibie," alisema Makali. "Hicho kitambaa kimeshapoa."

Mama Pasi akakichovya tena kitambaa kwenye sufuria. Maji yalikuwa yametoka jikoni dakika hiyo hiyo, mvuke wake umeshalowesha kioo cha dirisha. Akakikamua kwa mikono yote miwili bila hata kukunja uso, akakikunja mara mbili, akakilaza juu ya paja la mumewe, karibu na goti, na kukandamiza kwa viganja. Ilikuwa wiki ya tatu ya kumkanda hivyo kila asubuhi kabla hajawasha mkaa wa kazi. Aliifanya shughuli hiyo kama alivyofanya shughuli zake zote, kwa nguvu na kwa utaratibu, kuanzia juu kwenda chini.

"Sasa je?"

"Kama unanipapasa tu. Una nini leo, umeninunia bila kuniambia?"

Akacheka kidogo, akachovya tena. Safari hii hakukikamua sana, ili joto likae.

Ni lazima ijulikane mikono ya mwanamke huyu ilivyokuwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga pasi nguo za watu barazani kwake, kwa pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko. Kaa la moto likidondoka, aliliokota kwa vidole na kulirudisha ndani taratibu, huku anaendelea kuongea na mteja. Mteja ndiye aliyeshtuka. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vinang'aa. Mwenyewe alijua kwamba havimwambii ukweli tena, ndiyo maana pasi hakuijaribu kwa kidole. Aliisogeza karibu na shavu, na shavu likamwambia kama inafaa kwa blauzi laini au kwa suruali nzito. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunguza hata kola ya mtu. Lakini paja la mumewe halikuwa shati, na wala asubuhi ile wala zile zilizotangulia, wazo la kupeleka kitambaa shavuni halikumjia.

Alipokinyanyua, ngozi ilikuja nacho.

"Mbona umesimama?" Makali aliuliza. Alikuwa amelala chali, anatazama dari. Akainua kichwa mwenyewe. Akaona pale juu ya goti pamebabuka, pekundu, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Akapatazama kwa muda, kama anayetazama kitu cha jirani.

"Hiyo ni yangu?" akasema.

Hakulia wala hakuuma meno. Hilo ndilo lililomkata maini Mama Pasi kuliko jeraha lenyewe. Huyu alikuwa mwanamume wa kuita mtaa mzima akichomwa na mwiba, na sasa ameunguzwa na mkewe mwenyewe, yuko kimya, anauliza kama mguu ni wake.

Watu walimwita Makali kwa sababu ya kazi. Alikuwa mnoa visu. Baiskeli yake aliigeuza kuwa kiwanda: akifika mahali aliisimamisha kwa stendi, akakaa, akapiga pedali, na mkanda ukazungusha jiwe badala ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Alipita mtaa kwa mtaa akitangaza, "Makali, makali, leta kisu, leta mkasi, leta na ulimi wa mama mkwe tuupunguze." Utani ulikuwa ule ule kwa miaka ishirini na saba, na wanawake waliuchekea kwa miaka ishirini na saba, kwa sababu aliusema kila mara kana kwamba ndiyo kwanza umemjia.

Mguu ulianza kumsumbua miezi miwili kabla ya asubuhi ile ya maji. Kwanza yalikuja maumivu, ghafla, kwenye nyonga ya kulia na mbele ya paja, ya kuchoma kwelikweli. Alishindwa kulala, akashindwa kula, akapungua mpaka mshipi ukaongezewa matundu mawili kwa msumari. Kisha maumivu yakapoa yenyewe, wakashukuru. Lakini maumivu yalipoondoka yaliondoka na nguvu. Goti lilianza kumkunjikia akishuka ngazi. Paja la kulia likanywea, la kushoto likabaki vile vile, na suruali ikawa inapwaya upande mmoja. Wakasema ni baridi. Wakasema ni pedali. "Mguu umegoma," alisema Makali. "Miaka yote hii unafanya kazi bila likizo, una haki yake." Mama Pasi ndiye aliyeamua kuukanda.

Siku ile ya kuungua, fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyetafuta gari. Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alisafisha jeraha, akafunga. Kisha akauliza swali ambalo Mama Pasi alikuwa akiliogopa njia nzima.

"Nani alimkanda?"

"Mimi."

"Na yeye hakusema kitu?"

"Aliniambia niongeze."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamlaza Makali kitandani, akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. La kushoto liliruka. La kulia lilitulia kimya. Akachukua kipande cha pamba, akakivuta kikawa chembamba nchani. "Fumba macho, mzee. Kila ukisikia nakugusa, sema ndiyo."

Akaanza kiunoni. Ndiyo, alisema Makali. Ndiyo. Ndiyo. Pamba ikateremka nyonga, ikaingia mbele ya paja, na hapo akanyamaza. Mama Pasi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anaiona pamba ikishuka, inapita kandokando ya bandeji, inapita goti, inafika kwenye ugoko, na mumewe amelala kwa utulivu wa mtu anayesubiri kuhudumiwa. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba alisikia toroli likisukumwa korido ya pili.

Makali alipimwa damu, akapigwa picha ya mgongo, wakatumwa hospitali kubwa zaidi ambako alichomwa sindano nyembamba kwenye misuli huku mashine ikinguruma na kuchora mistari. Ilichukua wiki tatu nzima kurudi kwa daktari yule yule na bahasha ya majibu.

"Mgongo ni mzima," alisema. "Tatizo liko mbele kidogo. Mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni inatoka chini ya mgongo. Lakini kabla ya kwenda, inakutana kwanza ndani ya nyonga, inasukwa pamoja, halafu ndipo inagawana njia. Pale kwenye msuko ndipo palipoumia."

"Nani kapaumiza?" aliuliza Makali. "Sikuanguka mimi."

"Wengine huanguka. Wengine ni uvimbe, wengine mama akijifungua kwa shida. Wewe ni sukari. Umekuwa nayo, hukujua."

"Mimi chai yangu ni vijiko viwili tu."

"Viwili na nusu," alisema Mama Pasi.

Daktari alitabasamu, kisha akawa hana tabasamu. Aliwaeleza kuwa kwa watu wengi nguvu hurudi, lakini taratibu, na kwamba si kila kitu hurudi. Mshipa ukianza kuota huota kuanzia juu kwenda chini, inchi moja kwa mwezi, mambo yakienda vizuri. Vidonge kila siku, chakula kwa mpango, mazoezi ya goti. Na moto usiuguse tena mguu ule, hata wa chupa ya maji.

Mama Pasi alingoja mpaka mumewe ametangulia mlangoni na fimbo yake. "Daktari, na yale maji niliyommwagia?"

"Hukummwagia, mama. Ulimkanda. Na ganzi ilikuwapo kabla ya maji. Maji yametuonyesha tu. Bila lile jeraha mngekuja mmechelewa."

Aliyasikia maneno hayo kwa masikio, lakini moyoni hayakupata pa kukaa.

Alipofika nyumbani aliingia kwa fundi cherehani na kuomba kuazimwa futi kamba na kipande cha chaki.

"Unamshonea mzee suti?" aliuliza fundi.

"Namshonea mguu."

Fundi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, safari hii alifunga breki. Akampa. Mama Pasi akampima mumewe kutoka nyonga hadi ncha ya kidole gumba: inchi thelathini na tisa. Inchi moja kwa mwezi. Alirudi kumrudishia futi kamba yake na kumwambia hesabu.

"Miaka mitatu na robo," fundi alisema, akifikiri. "Si mingi, Mama Pasi. Mimi nina suruali ya mtu hapa kabatini ina miaka minne hajaja kuichukua."

Mama Pasi alicheka, kisha akakaa kwenye benchi la wateja akalia, na fundi akaendelea kushona ili amwachie nafasi.

Ndipo ikaanza desturi ya Jumapili. Jumapili hakuwasha mkaa. Saa tisa alasiri Makali alilala mkekani chumbani, suruali imekunjwa, macho amefumba. Mama Pasi alikaa kwenye kigoda kando yake, na pamba mkononi. Daktari alisema wanaweza kujaribu mara moja moja, iwe kama mchezo, lakini mwanamke huyu hakuwa na mchezo na kazi. Alianza nyonga na kuteremka, kidole kwa kidole. Pale "ndiyo" ilipokoma, alichora mstari kwa chaki kukatisha paja, na hakuufuta; alionya mguu usioshwe kwa fujo. Jumapili iliyofuata alianza hapo.

Lakini kwa kiganja hakumgusa. Tangu asubuhi ile ya sufuria hakuwahi kuweka mkono wake mtupu juu ya mguu ule. Bandeji alibadilishiwa kliniki, na baadaye Makali alijifunza kuibadilisha mwenyewe. Alipotaka kusaidiwa kuvaa, mkewe alishika upindo wa suruali, si mguu. Jeraha lenyewe lilichukua miezi minne kufunga, kwa ajili ya sukari, likaacha kovu la rangi ya maziwa, lenye alama za vidole vya mtu pembeni ukilitazama vizuri. Mama Pasi alilitazama vizuri kila Jumapili.

"Unajua unaweza kuugusa," Makali alimwambia siku moja. "Haumi."

"Mikono yangu ina majivu," alijibu, na siku hiyo hakuwa amewasha hata kaa moja.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mwezi wa pili mstari ulishuka vidole viwili, mwezi wa nne vidole vinne. Goti likaanza kutii kidogo. Makali akaweza kuunyanyua mguu kutoka mkekani na kuushikilia mpaka mkewe ahesabu kumi. Mama Pasi alipiga pasi huku anaimba kwa pua. Mwezi wa sita mstari ukasimama. Ulisimama kiganja kimoja juu ya kovu, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka chaki ikawa imezidi kuandikwa pale pale na kuacha utando mweupe.

Mwezi wa nane Makali alitoka na baiskeli yake. Hakumwambia mtu. Aliisukuma hadi kwenye baraza ya fundi, akaisimamisha, akakaa, akamwomba mkasi. Mama Pasi alikuwa akipiga pasi shati jeupe mita chache kutoka hapo. Alimwona, akajifanya hajamwona. Jiwe lilizunguka. Cheche zikaruka kidogo. Mguu wa kushoto ulisukuma vizuri, wa kulia ulifuata kwa kuburutwa, na mzunguko ukawa unapanda na kushuka kama mtu anayesoma kwa kigugumizi. Kisha wayo wa kulia ukateleza kwenye pedali bila yeye kujua. Aliendelea kusukuma hewani mara mbili tatu kabla ya kuinama na kuutafuta mguu ulipo. Fundi alichukua mkasi wake na kusema umeshapata makali, unatosha kabisa. Alipoondoka Makali, fundi alijaribu kukata kitambaa nao, ukatafuna.

Kuanzia hapo baiskeli ilikaa nyuma ya mlango, imefunikwa gunia. Makali alinunua kijiwe kidogo cha mkono, akakaa barazani karibu na meza ya mkewe, akanoa visu vya watu wawili watatu waliokuja kwa huruma. Hakutangaza tena. Wanawake waliopita walimsalimia kwa upole mpya, na upole huo ulimuudhi kuliko ganzi.

Mwezi wa tisa walirudi kliniki. Daktari alimgonga magoti, akamsukuma, akamvuta, akaandika. Akasema nguvu imerudi kuliko alivyotarajia, na ataendelea kupata nyingine. Makali akaingia nyuma ya pazia kuvaa suruali. Kuvaa kulimchukua muda siku hizo.

"Na kusikia?" aliuliza Mama Pasi.

"Kusikia ndiko sina uhakika. Hapo chini panaweza kurudi, panaweza kubaki hivyo."

"Pale penye kovu?"

"Hata pale."

Mama Pasi alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Akasema haraka, kwa sauti ya chini, kama anayekiri jambo la aibu: "Daktari, mimi naomba hapo tu. Mguu wote ubaki, hapo tu parudi. Pakirudi nitajua si mimi niliyepaua."

"Mama, nilikwambia si wewe."

"Uliniambia. Lakini sijaona."

Nyuma ya pazia, kishikizo cha mshipi kiligonga sakafu, kikaokotwa. Makali alitoka akiwa amevaa, akamshukuru daktari, akamtania kuhusu vijiko vyake vya sukari.  Njiani kurudi alimshika mkewe mkono wakati wa kuvuka barabara, akauminya ule ugumu wa kiganja, na mkewe akadhani anahitaji kuegemea.

Jumapili ile, saa tisa, Mama Pasi aliinama na pamba yake chini ya mstari, kwa mazoea tu, bila matumaini.

"Ndiyo," alisema Makali.

Mama Pasi aliinua uso. "Unasemaje?"

"Nasema ndiyo. Si umenigusa?"

Akarudia. Ndiyo. Akashuka kidole kimoja. Kimya kidogo, kisha ndiyo. Mama Pasi alichora mstari mpya, ukatoka umepinda, akatoka nje na kumwita fundi cherehani dirishani, akiwa na chaki bado mkononi. Fundi alikuja mpaka mlangoni kumpa hongera mgonjwa. Makali alikuwa amekaa mkekani, anafungua mikunjo ya suruali, anatabasamu kwa mbali.

Jumapili iliyofuata mstari ulifika ukingoni mwa kovu. Ile ya tatu pamba iligusa kovu lenyewe, katikati, pale palipokuwa peupe zaidi. Mama Pasi alizuia pumzi. Kigoda kilikuwa kimelia chini yake alipoinama, kama kilivyolia kila mara.

"Ndiyo," alisema mumewe. "Hapo napasikia vizuri kabisa."

Hakuchora mstari. Aliweka chaki chini, akajifunika uso na kanga yake, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Makali alimwacha alie. Alinyoosha mkono na kumpiga piga gotini, akisema, basi, basi, bibie, yamekwisha, niliwahi kukwambia mimi.

Wiki iliyofuata mtaa mzima uliona. Mama Pasi alinyoosha mashati yakasimama yenyewe. Alimcheka mwalimu mmoja aliyeleta suruali ya sufu katikati ya joto, akamwuliza kama ni mzima kweli. Aliondoa gunia kwenye baiskeli, akaipangusa vumbi, akatia mafuta mnyororo na mkanda. Usiku alilala bila kuota sufuria. Mara mbili, akipita nyuma ya mumewe barazani, alinyoosha mkono kuligusa bega lake, akaligusa, na mkono ukataka kushuka zaidi, akaurudisha akisema moyoni, Jumapili, tuhakikishe kwanza Jumapili.

Jumapili ilifika. Jua la saa tisa liliingia dirishani na kukata mkeka katikati. Makali alilala mahali pake, akafumba macho, akaweka mikono kifuani.

"Leo tuanze kwenye kovu," alisema Mama Pasi. "Nataka kulisikia tena."

"Anza unapotaka. Mimi mgonjwa wako."

Alichana kipande cha pamba kutoka kwenye furushi, akakivuta nchani, akakishika kwa vidole viwili. Vidole vyake havikuwa vimewahi kuisikia pamba ile; aliishika kwa macho. Akainama. Kigoda kikalia. Mkono ukashuka polepole kuelekea kwenye kovu, na ulipobaki upana wa vidole vitatu hivi, aliona kwamba hakushika kitu. Pamba ilikuwa imemponyoka, imelala mkekani karibu na kisigino cha mumewe, na vidole vyake vilikuwa vimebana hewa.

Akausimamisha mkono hapo hapo. Alitaka kusema ngoja, nimeiangusha.

"Ndiyo," alisema Makali.

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Mama Pasi hakutikisika. Aliutazama mkono wake juu ya paja, na mwanga ulioingia kati ya mkono na paja.

"Wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo kwenye kovu. Katikati."

Uso wake ulikuwa mtulivu. Sikio la kulia lilikuwa limegeukia upande wa kigoda. Mama Pasi aliliona sikio hilo, akakiona kigoda, akamwona mumewe amesimama nyuma ya pazia la kliniki na mshipi mkononi. Jumapili zote tatu zikamrudia kwa mpigo, pamoja na kilio chake na zile basi, basi.  Alitaka kukasirika, akatafuta hasira mahali pake pa kawaida asiione. Alichokiona ni mwanamume aliyekonda, paja moja dogo kuliko jingine, anamdanganya kwa uangalifu mkubwa kama anayebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Kweli?" akasema, na sauti ikamtoka sawasawa. "Unapasikia?"

"Kama jana. Kama zamani."

Aliiacha pamba pale ilipoangukia. Akafungua vidole, akakishusha kiganja chake chote, kigumu, kisicho na majivu, juu ya kovu, alama za vidole juu ya vidole, na kukiacha kilale pale kwa uzito wake wote.

Makali hakufumbua macho. Mikono yake ilikuwa bado kifuani. Alingoja kidogo, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Haya, endelea bibie," alisema. "Mimi nipo."